Baba Alipowasha Taa Mchana

Korido ya ghorofa yetu ilikuwa na harufu ya kila nyumba kwa wakati mmoja. Ukitoka kwenye lifti jioni, unapokewa kwanza na sombe ya Mama Furaha, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakapikwa na mawese mpaka yakakaribia weusi. Wanafuata samaki wa kukaanga wa ile familia ya Warundi ya mlango wa kona, halafu, kwenye mlango wetu, bizari na vitunguu vya Bibi, ambaye hakuamini chakula kimeiva mpaka majirani wawe wamekohoa. Majira ya baridi ninayoyasimulia hapa, juu ya harufu zote hizo kulikuwa na nyingine ngeni, ya mdalasini na sukari iliyoungua. Ilikuja na makoti. Karibu kila mtu mzima wa korido yetu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha keki na mikate ya sukari, hapo hapo Etobicoke, pembeni mwa Toronto, na watu waliporudi kutoka zamu mdalasini uliingia nao ndani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilidhani hiyo ndiyo harufu ya mambo kutunyookea. Siku hizi nikiinusa kwenye duka la kahawa, nalipia changu na kutoka.

Sisi ni Wahindi wa Tanga. Baba alizaliwa Tanga, na babu, na Bibi naye, ingawa Bibi akitaka kujikweza husema kwao ni Surat, India, mji ambao hajapata kuutia machoni. Nyumbani tulichanganya Kigujarati na Kiswahili, na hakuna aliyejali kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Kule Tanga Baba alikuwa na duka la vitambaa. Toronto akaishia kufunga maboksi kiwandani, na Mama akapata kazi ya kutunza wazee, zamu za ajabu ajabu, kwa hiyo aliyenilea hasa ni Bibi. Baba hakulalamika. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye kusalimia hata asiyejibu, na kilichomkosesha raha Kanada kilikuwa ule ukimya wa lifti, watu kusimama bega kwa bega wakitazama mlango. Siku moja kwenye lifti hiyo mama mmoja mnene mwenye kitenge alikuwa akimgombeza binti yake kwa Kiswahili cha Bukavu, kwamba kwa nini ameacha kofia shuleni na baridi yote hii. Baba akadakia, "Msamehe, mama, hata mimi yangu nimeisahau." Yule mama alishika ukuta. "Yesu wangu! Muhindi anasema Kiswahili!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Baba naye akacheka, na tulipofika ghorofani hakuna aliyetaka kwenda kwake. Huyo ndiye Mama Furaha, na binti mwenye kosa la kofia ndiye Furaha mwenyewe, ambaye kuanzia asubuhi iliyofuata alikuwa akinigongea mlango twende shule.

Kutoka hapo Baba akawa wa korido nzima. Mtu akiitwa na mwalimu wa mtoto wake, anakwenda na Baba. Mtu akiumwa na hajui amwelezeje daktari, anakwenda na Baba. Alirudi amechoka, lakini uso umenawiri, kwa sababu mtu aliyezoea kukaa dukani huku mji mzima ukipita mbele yake anakonda akikosa wa kuzungumza naye. Kiwandani bosi wake aliwaona watu wale wakimjia Baba nje ya geti, akawasikia wakiongea lugha moja naye, akakata shauri kwamba wote ni ndugu. Kiwanda kilikuwa kinaelekea msimu wa Krismasi na mikono haikutosha. Akamwita Baba, akamwambia atafute watu wake. Watu wake! Baba alitusimulia mezani huku akicheka, Mhindi wa Tanga kupewa Wakongo na Warundi kuwa watu wake. Lakini niliona kwamba lile neno lilikuwa limempendeza.

Bibi hakucheka. Aliweka kijiko chini, akasema, "Umekuwa dalali wa Wazungu, mwanangu. Sisi huko tulishatoka." Na kama ilivyokuwa kawaida yake, akaanza habari za Babu Kalyanji, ambazo nilikuwa nimezisikia tangu nikiwa kwenye nepi na ambazo safari ile tu nilizisikiliza. Babu Kalyanji alikuwa babu wa mababu zetu, huko Surat, enzi ambazo kampuni za Wazungu zilikuja na meli kununua vitambaa vya pamba. Wazungu hawakujua lugha, hawakujua kijiji gani kinafuma nini, wala nani wa kuaminika. Wafumaji nao hawakuwajua Wazungu, na wasingetanda nyuzi mtamboni kwa neno la mtu aliyefika jana na anayeondoka kesho. Katikati akawekwa Babu Kalyanji. Kampuni ilimwamini yeye, wafumaji walimwamini yeye, na pande hizo mbili zenyewe hazikuaminiana kabisa. "Alivaa vizuri," Bibi alisema, "alipanda farasi, na wenzake walimwonea kijicho." Halafu mwaka mmoja, huko Ulaya watu wakabadili mawazo juu ya kitambaa walichokitaka, na kampuni ikakataa kupokea mzigo ambao tayari ulikuwa umefumwa. Wafumaji hawakwenda kwenye ngome ya kampuni, kwa sababu pale kulikuwa na walinzi wenye bunduki. Walikwenda mlangoni kwa Babu Kalyanji.

Hapo Bibi alishusha sauti. Dalali ambaye neno lake limevunjika, kwa desturi ya watu wetu, hakimbii wala hajitetei. Anafungua milango ya duka mchana kweupe, anakunja godoro lake jeupe analokalia, anawasha taa ya samli wakati jua linawaka, na anakaa chini sakafuni. Kila apitaye akiona taa mchana anajua kwamba mtu huyu amekwisha, na amekiri mwenyewe. Waliodhurika huingia, humwambia walilonalo moyoni, huchukua walichokikuta. Yeye hasemi kitu isipokuwa akiulizwa. Wakishatoka, basi, hakuna tena wa kumsimanga, si yeye wala wanawe. Babu Kalyanji alifanya hivyo, na mwanawe ndiye aliyepanda chombo kuja Afrika, akiwa mikono mitupu lakini akiweza kutazama watu. Baba alimsikiliza Bibi hadi mwisho, akamwambia kwa upole kwamba hii ni Kanada, kuna sheria za kazi. Bibi akachukua kijiko chake na kuendelea kula.

Watu walipatikana kwa urahisi, isipokuwa Mama Furaha. Yeye alikuwa na kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli, kazi ya kuvunja mgongo lakini ya uhakika, na alikuwa na watoto watatu na mume aliyebaki upande wa pili wa dunia kwenye kambi ya wakimbizi. Nakumbuka tulikuwa chumba cha kufulia, mimi na Furaha tumekaa juu ya mashine ya kukaushia kwa sababu ina joto, na wazazi wetu wakikunja mashuka. Bosi alikuwa amemwambia Baba kwamba atakayefanya kazi vizuri msimu wote ataajiriwa moja kwa moja, kwa mshahara uliozidi ule wa hoteli, na zamu za mchana. Mama Furaha alikunja shuka lile lile mara kadhaa. "Baba Mina," alisema, "mimi niko na kazi tayari. Haiko nzuri, lakini iko. Wewe unanihakikishia?" Baba alijibu kama alivyokuwa akijibu wateja wake kule Tanga waliouliza kama rangi ya kitambaa itachuja. "Mama Furaha, likienda kombo, njoo uniulize mimi. Mlango wangu unaujua." Mama Furaha akacheka, akampiga Baba begani kwa soksi. Wiki ile ile akaacha hoteli.

Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote tuliyopata kuishi kwenye jengo lile, na nasema hivyo nikijua mwisho wake. Watu wazima walitoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja, na korido ikawa haina milango. Nilikula sombe kwa Furaha, Furaha akala chapati kwetu, na wadogo zake wakamwita Bibi yangu Bibi. Mama Furaha aliniletea keki zilizovunjika ambazo kiwanda kiliwaruhusu kubeba, na alipoingia kwetu alianza kumtania Baba tangu mlangoni, kwamba huyu bosi wetu mdogo leo amepikiwa nini. Sikukuu ikaja. Wao wakaenda kanisani, sisi tukawalinda wadogo, na mchana tukala wote kwetu mpaka viti vikaisha na watu wakakaa kitandani. Baba alizunguka na sinia, jasho linamtoka, akiwa na furaha ambayo sijapata kuiona tena kwake.

Mwaka mpya ulipoingia wakaachishwa wote. Walifika asubuhi, wakaambiwa getini kwamba msimu umekwisha, kampuni inawashukuru. Wote, isipokuwa Baba. Yeye aliambiwa aingie. Ninachojua juu ya siku ile ni alichomwambia Mama jikoni nikiwa nimesimama nyuma ya pazia la stoo. Alimfuata bosi ofisini, akamkumbusha ahadi, na bosi akamwekea mkono begani, akamwambia kwa sauti nzuri kwamba mambo yamebadilika huko juu, si yeye aliyeamua, na kwamba kazi yake Baba imeonekana. Akampa koti jipya la usimamizi, la buluu, lenye jina lake kifuani. Baba alilileta nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Hakulivaa mbele yetu hata siku moja, lakini kazini aliendelea kwenda, kwa sababu tungekula nini?

Jamani, watu wakinyamaza wanaumiza kuliko wakitukana. Baba aliingia kwenye lifti na mazungumzo yakakatika. Alisema "Habari za asubuhi" na akajibiwa na mlango. Nilikwenda kuchukua nguo chumba cha kufulia nikasikia, kabla sijageuza kona, sauti ninayoifahamu ikisema, "Muhindi yule ametuuza." Hakuwa tena Baba Mina. Walisema amelipwa kwa kila kichwa, na lile koti lilikuwa ushahidi wa kutosha. Hoteli haikumrudisha Mama Furaha, alishaandikwa mtu mwingine. Furaha hakunigongea mlango. Nilimkuta kituo cha basi, nikasimama karibu naye, naye akasogea kidogo, si sana, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amemkataza. Nilirudi nyumbani nikalia kwenye mapaja ya Bibi mpaka sketi yake ikalowa. Bibi alikuwa akitazama mlango.

Usidhani Baba alikubali mara moja. Walibishana kwa siku nyingi, Bibi akisema hawa watu wana haki ya kukuona umekwisha, Baba akisema nikawagongee niwaeleze. Bibi akapandwa na hasira. "Uwaeleze nini? Kwamba si wewe? Kila dalali husema si yeye!" Nafikiri hilo ndilo lililomshinda. Jumamosi moja, adhuhuri, jua la baridi limejaa korido kutoka dirisha la mwisho, Baba alifungua mlango wetu wazi kabisa. Alikunja zulia la sebuleni, akalisimamisha ukutani. Bibi alileta taa ya udongo ya ibada, akamimina samli, akaweka utambi wa pamba. Baba akaiwasha mwenyewe, akaiweka kizingitini, akakaa chini kwenye sakafu tupu, miguu ameikunja, amevaa shati lake jeupe la harusi. Mimi niliambiwa nikae jikoni na nisiseme neno. Nilimuuliza Bibi, watajuaje maana yake? Niende nikawaambie? Alinishika mkono kwa nguvu. Taa haielezwi, alisema, anayeieleza anaomba huruma, na huyu haombi huruma.

Walipita. Mrundi wa mlango wa kona alipita na mkewe, wakatazama ile taa, wakatazama shati, wakaharakisha. Watoto wawili walisimama wakachungulia mpaka mama yao akawavuta. Msimamizi wa jengo alipanda akauliza kuna nini, moshi ukifika kwenye king'ora wazimamoto watakuja na sisi ndio tutakaojibu, na Baba akasogeza taa ndani hatua moja. Halafu nikasikia kandambili ninazozifahamu. Mama Furaha alikuja na kapu la nguo kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu waachishwe alisimama mlangoni kwetu. Mimi, kutoka jikoni, niliuona uso wake wote, na sikuona hasira, niliona mtu asiyeelewa anachokitazama. Baba aliinua macho, akangoja. "Baba Mina," akasema, "umeme ilikatika kwenu?" Na Baba, ambaye aliruhusiwa kujibu lile tu aliloulizwa, akajibu, "Hapana, Mama Furaha. Umeme upo." Mama Furaha akasubiri kidogo. Alisubiri, hilo nitaapa, alibadilisha kapu kutoka kiuno kimoja hadi kingine akasubiri. Kisha akasema "Haya," akaenda zake. Baba alikaa pale mpaka samli ikakauka na hakuna mtu mwingine aliyesimama.

Bibi alisema imekwisha, sasa tuko safi. Maskini Bibi. Haikuwa imekwisha kwa mtu yeyote isipokuwa yeye. Taa ile ilihitaji mji mzima unaoijua, na sisi tuliiwasha mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyepata kuiona. Kabla theluji haijayeyuka Mama Furaha alisikia kuna kazi kwenye machinjio huko Alberta, magharibi ya mbali, akafunga mizigo. Waliondoka asubuhi nikiwa shuleni. Baba naye aliacha Kiswahili. Hakutangaza, aliacha tu. Kwenye lifti alizungumza Kiingereza, nyumbani alizungumza na Bibi Kigujarati, na akisikia mtu nyuma yake anasema "mambo" alitazama mlango kama wale wengine wote. Alifanya kazi kiwandani mpaka magoti yakakataa, na kila bosi mpya alipomwomba atafute watu, alijibu kwamba hana watu.

Sasa ninaishi Markham, nje kidogo ya Toronto, kwenye nyumba ambayo majirani zangu nawajua kwa rangi za magari yao. Jikoni nikikaanga vitunguu hakuna anayekohoa. Wanangu wanaelewa Kiswahili nikiwagombeza, lakini wananijibu kwa Kiingereza, na neno dalali hawalijui kabisa. Ofisini nasimamia makampuni mengine yanayotuletea wafanyakazi wa muda, yaani nimekaa upande ule wa meza ambao Baba hakuwahi kukaa, na nakiri kwamba ukiwa upande huu humwoni mtu yeyote. Unaona namba, na namba hazina mlango. Bibi alifariki zamani. Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita. Wiki yake ya mwisho hospitalini Kiswahili kilimrudia chote, cha Tanga, laini, mpaka muuguzi mmoja Mkenya akawa anakuja kumsikiliza tu. Siku moja alinishika mkono akaniuliza, "Mama Furaha alipata kazi?" Nilimwambia alipata. Akasema, "Nzuri?" Nikasema nzuri sana, Baba. Sikuwa najua chochote.

Mwezi uliopita nilikuwa Agincourt, huko huko Toronto, kwenye duka moja dogo ambako huuzwa dagaa na unga wa muhogo, nikasikia mtu ananiita Mina kwa namna ambayo hakuna aniitaye hivyo tena. Alikuwa Furaha. Amenenepa, amefanana na mama yake mpaka nikarudi nyuma hatua. Alikuja Toronto kwa harusi ya binamu. Tulikumbatiana kati ya magunia, tukacheka, tukalia, tukaongea lugha mbili kwa mpigo. Kabla sijajua nianzie wapi alikuwa ameshatoa simu. "Mama ataanguka! Kila siku anawaulizia ninyi." Akampigia, akapiga kelele kwamba yuko na Mina, Mina wa Baba Mina, akanibandika simu sikioni. Sauti ilikuwa ile ile. Alinibariki, akaniuliza habari za watoto, akanichekea Kiswahili changu kwamba kimeshika kutu. Halafu akasema, "Baba yako iko hapo? Mpatie simu, mwanangu. Miaka yote hii niko na neno lake. Mimi nilijua si yeye. Tangu siku ile ile ya geti nilijua. Lakini ile kampuni mimi sikuijua sura, ningeikasirikia namna gani? Sura niliyoijua ilikuwa moja. Mpatie simu nimwambie mwenyewe."

Nikamwambia Baba amefariki. Huko Alberta nikasikia maji ya bomba yakifungwa. Kisha Mama Furaha akauliza, si kwa kilio, bali kama mtu aliyefika dirishani na kukuta ofisi imefungwa, "Sasa mimi nitamwambia nani?"